Dalia Tanga mjini: fuata kipupwe upate maua

Wengi wetu hapa Tanga tunaijua dalia kama ua la Lushoto. Mtu anashuka kutoka milimani na viazi viwili vitatu kwenye kikapu, anavipanda uani kwake Chumbageni au Makorora, vinachipua vizuri, halafu jua la Januari linavimaliza. Hukumu inatolewa hapo hapo: ua hili halitaki pwani. Mimi nasema pwani linaitaka. Lisichokitaka ni kaskazi. Ukiipangia dalia ichanue wakati wa kipupwe, yaani kati ya Julai na Septemba, utakata maua ya mezani kwenye uwanja wako mwenyewe, hata kama ni uwanja wa Ngamiani wenye nafasi ya ndoo nne tu.

Sababu iko kwenye asili yake. Dalia kwao ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye mvua za kutosha, mchana wa joto la wastani na usiku wa baridi. Mbegu zake zilifika Madrid mwishoni mwa karne ya 18, na mwaka 1791 Antonio José Cavanilles, padri na mtaalamu wa mimea, akaipa jina kwa heshima ya Anders Dahl wa Uswidi. Meksiko wenyewe waliitangaza kuwa ua la taifa mwaka 1963. Kwa ukoo ni ndugu wa alizeti, ila tabia yake ni ya mlimani: inastawi vizuri zaidi joto la mchana likiwa chini ya nyuzi 27 hivi na usiku ukipoa.

Sasa angalia mwaka wetu. Desemba mpaka Machi joto hupanda hadi nyuzi 32 na zaidi, na usiku haupoi kiasi cha kuusaidia mmea. Masika ikishapita na kusi ikashika, mchana unashuka hadi 28 hivi, na alfajiri inafika 20 au 21. Hilo ndilo dirisha letu. Wa Lushoto, na wa Amani kule Muheza, hawabanwi hivi. Huu mwongozo ni wa sisi wa bondeni, kuanzia Pongwe mpaka baharini, na wa Pangani pia.

Kalenda yenyewe ni hii. Aprili unaotesha viazi kwenye vyungu chini ya paa. Mwisho wa Mei, mvua inapopungua nguvu, unavitoa nje. Julai unaanza kuona vitumba. Oktoba unang'oa kabla vuli haijaloweka udongo. Ukikosa Aprili bado una nafasi mpaka katikati ya Mei. Ukichelewa zaidi ya hapo, subiri mwaka ujao, kwa sababu maua yatakutana na joto la Novemba na yatatoka madogo, yameungua pembeni.

Hatua ya kwanza: chagua aina inayovumilia

Picha za mtandaoni zinavutia kwa yale maua makubwa yenye upana wa sahani, sentimita 20 na zaidi. Hayo waachie wa milimani. Pwani ua kubwa lina petali nyingi za kulisha maji, na shina lake lina uwazi ndani, hivyo kusi ikivuma kwa nguvu linavunjika shingoni. Chagua aina fupi, za sentimita 30 hadi 60, zenye maua ya safu moja ya petali, au zile ndogo za mviringo ambazo ua lake halizidi sentimita tano. Hizi zinatoa maua mengi, zinakaa kwenye chungu, na nyuki wanazipenda, hasa za safu moja kwa kuwa kitovu chake cha njano kiko wazi. Rangi utapata karibu zote: nyekundu, njano, chungwa, zambarau, waridi, nyeupe. Buluu halisi haipo, na anayekuuzia viazi vya dalia ya buluu anakudanganya.

Usitegemee pia urefu unaoandikwa kwenye pakiti za Ulaya. Kule kiangazi chao kina mchana wa saa 15 au 16. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, na siku za namna hiyo huifanya dalia iharakishe kutengeneza viazi badala ya kurefuka. Mche wako utakuwa mfupi kuliko picha. Ni sawa, haujaugua.

Hatua ya pili: kiazi chenye jicho

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiking'oa kishina cha dalia unakuta rundo la viazi vilivyoning'inia kwenye kitako cha shina la mwaka jana. Kila kiazi kina tumbo, kina shingo nyembamba, na shingo inashikana na kitako. Jicho halikai kwenye tumbo kama la kiazi mviringo cha kupika. Liko pale juu kabisa, shingo inapokutana na kitako cha shina: kivimbe kidogo, pengine chekundu au cha kijani, kikubwa kidogo kuliko kichwa cha pini. Kiazi kikikatika shingoni bila kubeba kipande cha kitako, hata kiwe kinene namna gani, hakitachipua. Kitatoa mizizi, kitakaa udongoni miezi, na hakuna jani litakalotoka.

Kwa hiyo ukiwa kwenye soko la Lushoto, au kwa mama yeyote anayeuza maua, usione haya kuuliza.

"Shikamoo mama. Hiki kina jicho?"

"Marahaba mwanangu. Hicho hakina, shingo imevunjika. Chukua hili bonge zima, ukalikate mwenyewe ukifika."

Huo ni ushauri wa kweli. Bonge zima linasafiri vizuri kuliko viazi vilivyotenganishwa. Lifunge kwenye gazeti lenye unyevu kidogo, usiliweke juu ya injini ya gari wala kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ukifika nyumbani, tumia kisu kikali kilichosafishwa kwa maji ya moto, ukate ili kila kiazi kibaki na kipande chake cha kitako chenye jicho. Kama huyaoni macho, lilaze bonge kwenye mchanga wenye unyevu kivulini kwa wiki moja au mbili, yatajitokeza yenyewe. Pale ulipokata pakauke siku moja kivulini kabla ya kupanda.

Kiazi kizuri ni kigumu ukikibonyeza. Mikunjo kidogo si tatizo. Kilicholegea na kutoa maji, au chenye ukungu shingoni, kiache.

Kuna njia ya mbegu pia, na kwa anayeanza ni ya bei nafuu. Mbegu za dalia fupi zinapatikana kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo. Zinaota kwa siku 7 hadi 14 na kuchanua ndani ya miezi mitatu hivi. Jambo moja la kujua: dalia za bustani zina seti nane za kromosomu, wakati mimea mingi ina mbili, kwa hiyo mbegu hairudishi sura ya mama. Ukivuna mbegu za ua jekundu unaweza kupata la njano, la waridi, na jingine usilolitegemea. Kama unataka rangi ile ile mwaka hadi mwaka, panda kiazi au pandikizi, yaani chipukizi lililokatwa na kuoteshwa mizizi.

Na kama una ndugu Ulaya au Kenya anayetaka kukuletea viazi, asivifiche kwenye begi la nguo. Mimea inayoingia nchini inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea, na suala hili lipo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ugonjwa mmoja wa virusi ukiingia na kiazi, hautaishia uani kwako.

Hatua ya tatu: kona ya kaskazini mashariki

Dalia inataka jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku. Bondeni kwetu jua hilo liwe la asubuhi. Kuanzia saa saba mchana ipate kivuli chepesi, cha nyumba, cha mwembe ulio mbali kidogo, au cha wavu wa kivuli.

Wengi hawazingatii kwamba mwezi wa Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini wa nyumba, ambao Desemba ulikuwa unapata jua, kipupwe unakuwa kivulini kutwa nzima. Na huo huo upande wa kusini na kusini mashariki ndio unaopigwa na upepo wa kusi. Mtu akipanda dalia hapo, anaikosesha jua na kuipa upepo kwa pamoja. Zunguka nyumba yako uitafute kona ya kaskazini mashariki: jua la asubuhi linaifikia, nyumba inaizuia kusi, na jioni kuna kivuli. Kama nyumba yako imekaa vibaya, ua wa makuti au wa michongoma upande wa kusi unatosha kukata upepo. Makuti yasishonwe kubana sana, upepo upite kidogo, kwa sababu ukuta uliozibwa kabisa unaufanya upepo uruke na kuporomokea upande wa pili.

Hatua ya nne: udongo, au ndoo

Ukikaa Raskazone au Sahare, chimba kidogo tu utakutana na mwamba wa matumbawe. Udongo wake una chokaa nyingi. Dalia inapenda udongo wenye asidi kidogo, pH 6.5 hivi, na kwenye chokaa inashindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Usihangaike kuubadilisha udongo huo. Panda kwenye chungu.

Ndoo ya lita 20 iliyobakia baada ya kupaka rangi, ikaoshwa vizuri, inatosha mche mmoja wa kimo cha kati. Aina fupi inatosheka na lita 10. Toboa matundu sita au zaidi chini, ya upana wa kidole, kisha iinue ndoo juu ya matofali mawili ili maji yapite. Ndoo nyeusi inachemka juani, kwa hiyo ipake chokaa nje au ifunike kwa gunia.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni huu: mafungu mawili ya udongo mwekundu wa tifutifu, unaopatikana kuelekea Pongwe na Muheza, fungu moja la samadi iliyooza kabisa, na fungu moja la vumbi la makumbi ya nazi. Kama huna makumbi, weka mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Na makumbi nayo yanaweza kuwa na chumvi, hasa yaliyofukiwa pwani ili kusokotwa kamba, kwa hiyo yaloweke kwenye maji baridi usiku kucha, yamwage maji, urudie mara mbili tatu. Samadi ya ng'ombe si taabu kuipata Tanga, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wako kila upande. Iwe ya zamani, iliyogeuka rangi na kuacha harufu. Samadi mbichi ya kuku inaunguza viazi.

Wa Kange na Pongwe wenye udongo mwekundu wanaweza kupanda ardhini moja kwa moja. Wainue tuta la sentimita 20 au 30, kwa sababu mvua za Mei kwetu ni nzito na kiazi kikikaa kwenye maji siku mbili tatu kinaoza.

Hatua ya tano: kuotesha

Katikati ya Aprili jaza chungu kidogo mchanganyiko wako mpaka nusu, laza kiazi ubavu, jicho likitazama juu, kisha kifukie kwa sentimita tano hivi za udongo. Weka barazani, penye mwanga na pasipofikiwa na mvua. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, usiozidi hapo, mpaka uone chipukizi. Kiazi kina akiba yake ya chakula na maji, na kisicho na mizizi bado hakiwezi kunywa unayoyamimina. Kwa joto letu chipukizi hutokea ndani ya wiki mbili hadi tatu.

Kikichipua machipukizi mengi, una bahati ya kuongeza miche. Yakifika sentimita nane hivi, acha moja au mawili kwenye kiazi. Mengine yakate kwa wembe safi chini kidogo ya pingili, ondoa majani ya chini, uyachomeke kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na makumbi, uyafunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na kuondolewa kizibo. Yakae kivulini. Wiki mbili au tatu baadaye ukilivuta kidogo utahisi limeshika. Pandikizi hilo litatoa ua lile lile la mama yake, na mwisho wa msimu litakuwa limejitengenezea viazi.

Hatua ya sita: kuhamisha, na mti wa kuegemea

Mwisho wa Mei au wiki ya kwanza ya Juni, miche ikiwa na majani jozi tatu, izoeze jua polepole kwa wiki moja, saa mbili za asubuhi kwanza, kisha zaidi. Halafu ihamishe. Ardhini, kiazi kikae kina cha sentimita 10 hadi 15, na nafasi kati ya miche iwe sentimita 60 kwa aina za kimo, 40 kwa fupi. Usibananishe. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu, na majani yanayogusana hayakauki umande.

Mti wa kuegemea chomeka siku hiyo hiyo ya kupanda. Ukingoja mche urefuke, utachomeka kijiti gizani na kukitoboa kiazi. Mwanzi wenye urefu wa mita moja unafaa. Kufungia, katani yetu haina mpinzani: ni laini kwa shina ukiilegeza, na inaoza yenyewe ikishatumika. Kamba ipite kwenye mwanzi, ipishane katikati kama namba 8, ndipo izunguke shina, ili shina na mwanzi visisuguane. Ongeza fundo jingine kila mche unaporefuka sentimita 30.

Hatua ya saba: kata kilele bila huruma

Hili linawauma wengi, na naelewa. Mche umefika sentimita 30, umesimama vizuri, halafu unaambiwa uukate kichwa. Ukate. Hesabu jozi nne za majani kutoka chini, kisha chukua kile kichwa cha katikati juu ya jozi ya nne. Usipokata unapata shina moja refu lenye ua moja la kwanza, na kusi italiangusha. Ukikata, kila kwapa la jani linatoa tawi, na kila tawi litabeba maua. Maua ya kwanza yatachelewa wiki mbili hivi, na ndiyo maana tulianza Aprili.

Vitumba vikitokea utaona viko vitatu vitatu kwenye ncha ya tawi, kimoja cha kati na viwili vya pembeni. Ukitaka maua machache makubwa yenye kikonyo kirefu, ng'oa viwili vya pembeni kwa kidole vikiwa bado vidogo. Ukitaka uwanja uliojaa rangi, viache vyote.

Maji na chakula

Mwagilia asubuhi na mapema, shinani, majani yasiloane. Kwenye ndoo wakati wa kusi utahitaji kumwagilia karibu kila siku, kwa sababu upepo unakausha kuliko jua. Ardhini mara mbili au tatu kwa wiki, maji mengi yanayozama, inatosha. Majani yakilegea saa nane mchana usikimbilie kopo. Angalia jioni: yakiwa yamejiinua, mche ulikuwa unajikinga na joto tu. Yakibaki yamelala mpaka asubuhi, hapo una kiu au una ugonjwa wa mizizi.

Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na dalia haiivumilii. Onja maji. Ukiisikia chumvi ulimini, tumia ya bomba, au kinga ya mvua kutoka kwenye bati wakati wa masika. Tandaza majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa juu ya udongo, yaache upana wa vidole vinne kuzunguka shina.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi inakupa kichaka kizuri cha kijani kisicho na ua. Baada ya samadi ya kupandia, toa mbolea ya kawaida ya NPK kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo kila wiki tatu, ukianza vitumba vinapoonekana. Majivu ya kuni yana potasiamu, na kwenye udongo mwekundu konzi moja kwa mche inafaa. Kwenye udongo wa matumbawe usiyatumie, yanaongeza ile ile chokaa inayokusumbua.

Wanaoila

Adui wa kwanza ni konokono. Masika wanatoka kwa wingi, na chipukizi changa la dalia ndilo wanalolipenda. Usiku mmoja unatosha kubakisha kisiki. Saa mbili usiku toka na tochi, uwaokote ukiwa umevaa glovu, kwa sababu konokono hubeba vimelea vinavyomdhuru binadamu. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki ya kwanza baada ya kuhamisha miche, na fagia chini ya matofali na mbao wanakojificha mchana.

Vidukari hukaa kwenye ncha laini na chini ya vitumba. Nyunyiza maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni jua likishatua. Ukifanya mchana unaunguza majani. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku na kuchujwa, yanasaidia pia kuwafukuza. Shughulikia vidukari mapema kwa sababu ndio wanaosambaza virusi. Mche wenye majani ya mabaka ya njano kufuata mishipa, uliodumaa na kujikunja, ung'oe uuchome. Usichukue kiazi wala pandikizi kwake, na usiuonee huruma kwa kuwa ulitoka mbali.

Septemba, joto linaporudi, geuza jani uangalie chini. Vidoa vidogo vidogo vya kijivu juu na utando mwembamba chini ni utitiri mwekundu. Anapenda ukame, kwa hiyo piga maji chini ya majani kila asubuhi siku kadhaa mfululizo. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga: kata majani ya chini yaliyobanana, hewa ipite. Na ukikuta mizizi ina mafundo mafundo wakati wa kung'oa, hao ni minyoo fundo. Usirudie dalia hapo, wala nyanya, bamia au bilinganya.

Kukata maua

Kitumba cha dalia kikikatwa kikiwa kimefunga hakifunguki ndani ya nyumba. Kata ua likiwa limefunguka robo tatu au zaidi, alfajiri, kwa kisu kikali. Geuza uangalie mgongo wake: petali za nyuma zikiwa bado imara ni la kukata, zikiwa zimeanza kulegea na kupauka litakuangukia mezani kesho. Chomeka kikonyo kwenye sentimita tano za maji ya moto, yasiyochemka, uyaache yapoe saa nzima, ndipo upange kwenye chombo chenye maji safi. Badilisha maji kila siku. Yatakaa siku nne au tano.

Maua yaliyozeeka yaondoe mara mbili kwa wiki, mche usipoteze nguvu kwenye mbegu. Mgeni anachanganya hapa, kwa sababu ua lililokwisha kumwaga petali linafanana na kitumba. Lishike: kitumba ni cha mviringo, kimebapa juu, kigumu. Lililozeeka lina ncha iliyochongoka, ni laini, na ukilibonyeza linatoa maji. Kata chini mpaka kwenye pingili ya tawi, usiache kikonyo kitupu.

Hatua ya mwisho: kung'oa na kutunza mpaka Aprili

Nchi za baridi huhifadhi viazi vya dalia kwenye vyumba vya chini vyenye nyuzi 4 hadi 10. Sisi hatuna chumba hicho, na hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote pwani. Vikiachwa ardhini, vuli inaviozesha. Vikiwekwa vikavu kabatini, joto linavikausha.

Mwishoni mwa Septemba punguza maji polepole. Majani yakigeuka njano, kata shina libaki sentimita 10, na uache wiki moja hadi mbili, macho yanavimba na kuonekana vizuri. Kisha chimba kwa jembe uma, ukianzia mbali, sentimita 30 kutoka shinani, uinue bonge zima bila kuvuta shina, maana shingo ni nyepesi kuvunjika. Kung'uta udongo, kausha kivulini siku moja, andika rangi kwenye kipande cha mbao ukifunge pamoja nalo.

Usiligawe bonge sasa. Lizike kwenye boksi la vumbi la makumbi lenye unyevu kidogo sana, uliweke sakafuni kwenye chumba chenye giza kisichopigwa na jua la jioni. Viazi viwili vitatu vya rangi unayoipenda zaidi vinaweza kukaa kwenye droo ya chini ya friji, vikiwa ndani ya makumbi kwenye kopo lenye matundu, mbali na maembe na ndizi mbivu, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye matunda hayo inaviharibu. Mwenye ndugu Lushoto ampelekee sehemu ya viazi avipande kwake. Hiyo ndiyo bima bora kuliko makabati yote.

Kila wiki mbili fungua boksi. Kilichosinyaa nyunyizia matone machache. Chenye ukungu kikate mpaka kwenye nyama nyeupe safi, kipake majivu, kikauke, kirudishe peke yake. Kikichipua Desemba au Januari, usikizuie: kioteshe kwenye chungu kivulini, ukimwagilie kidogo, ukate vitumba vyote vitakavyotokea, na Aprili utachukua mapandikizi kutoka kwake. Mwisho wa Machi vitoe vyote, gawa mabonge kwa jicho, na kisicho na jicho kitupe kwenye shimo la mboji.